Tunalala Mtaani, Habari za Mtaa Hatuna

Nianze na kikaratasi. Muhula uliopita nilirudi geto saa mbili usiku, nimechoka, nikakuta kikaratasi kimesukumwa chini ya mlango. Kilikuwa na mhuri wa serikali ya mtaa. Kilisema kwa kifupi kwamba kila kaya inachangia ulinzi shilingi 2,000 kwa mwezi, na kwamba chumba changu kina deni la miezi miwili. Nyumba yetu ina vyumba tisa na wapangaji wote ni wanachuo. Vikaratasi vilikuwa tisa. Nyumba ya jirani anaishi mzee na mkewe, watoto, wajukuu, pamoja na shemeji aliyekuja mjini kutibiwa akapona na hajaondoka. Jumla watu kumi na mmoja. Pale kilifika kikaratasi kimoja.

Unaweza kukisia jinsi grupu letu la WhatsApp lilivyowaka usiku ule. "Wametugeuza ATM." "Bumu halijatoka, tayari limeshapata mwenyewe." Mwenzetu mmoja anayesoma sheria akaanza kutushushia vifungu. Mwingine akapendekeza tugome nyumba zote za wanachuo, asitoe mtu hata senti. Mimi pia niliandika, tena kwa herufi kubwa. Kati ya meseji zaidi ya mia, hakuna hata moja iliyouliza: haya mambo yaliamuliwa lini, yaliamuliwa na nani, na sisi siku hiyo tulikuwa wapi?

Asubuhi nikaenda ofisi ya mtaa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza, na nilikuwa nimeishi pale miezi kumi na minne. Kuipata ilibidi nimuulize mama wa genge. Kumbe ni kile chumba chenye bendera ninachokipita kila siku nikienda kupanda daladala. Siku zote nilidhani ni tawi la chama. Nikamwamkia mtendaji, nikatoa malalamiko yetu yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akanitoa nje akanionyesha mwembe. Kwenye shina la mwembe kuna ubao, na kwenye ubao kulikuwa na karatasi iliyopauka kwa jua: mkutano wa wakazi wote, Jumapili, saa tisa alasiri, ajenda ya tatu ulinzi.

"Mwanangu," akasema, "hii ilikaa hapa wiki mbili kabla ya mkutano. Nyinyi si ndio mnaojua kusoma?"

Sikuwa na jibu. Nikamuuliza kuhusu kaya: kwa nini chumba kimoja cha mwanachuo kihesabiwe sawa na familia ya watu kumi na mmoja? Akaniambia kwamba siku ile mtu mmoja aliuliza, "Je, na hawa wa vyumba?" Mwenye nyumba mmoja akajibu kwamba kila chumba kina mlango wake na jiko lake, kwa hiyo ni kaya. Hakuna aliyepinga, wakaenda ajenda ya nne. Suala lililotugharimu wengine bei ya sahani kadhaa za wali maharage kila mwezi lilimalizwa kwa sentensi mbili, maana waliohusika hawakuwepo.

Tangu siku ile nimekuwa na hoja moja, na ndiyo inayonifanya niandike hapa. Sisi tunaoishi nje ya kampasi tumejizoesha kujua habari za kila mahali isipokuwa pale tunapolala. Nakutajia kikosi cha Arsenal cha wikiendi bila kufikiri. Najua nani kagombana na nani huko Marekani. Mwenyekiti wa mtaa wangu nilimjua kwa jina siku ile ya kikaratasi. Na sidhani kama mimi ni wa ajabu. Nimefanya utafiti wangu wa kienyeji pale Yombo kabla ya kipindi: niliwauliza wenzangu kumi na wawili wanaopanga Msewe, Changanyikeni, Makongo, Sinza na Kimara wanitajie mwenyekiti wa mtaa. Alijua mmoja, na huyo ni kwa sababu mwenyekiti ndiye mwenye nyumba wake.

Kuna utani ambao neno "mtaa" linatufanyia. Kwetu mtaa ni uswahilini, ni mahali pa chipsi yai na muziki, ni "mambo ya kitaa". Lakini kwa sheria za nchi hii mtaa ni ngazi ya serikali, ya chini kabisa mjini, kama kijiji kilivyo vijijini. Una mwenyekiti anayechaguliwa kila baada ya miaka mitano, una kamati, una mtendaji anayeajiriwa, una mhuri. Mhuri huo unaujua vizuri kuliko unavyodhani. Ulipokuwa unaomba mkopo wa elimu ya juu, fomu yako iligongwa mhuri wa kwenu. Ulipoenda kuandikishwa kitambulisho cha taifa ulitakiwa barua ya utambulisho. Akikamatwa rafiki yako kwa kugombana na konda, mdhamini ataambiwa alete barua ya mtaa. Kila tukiwa na shida tunaukumbuka. Shida ikiisha tunarudi kuuita uswahilini.

Mkutano wa mtaa nao si wa wazee wala si wa wenye nyumba. Ni wa wakazi waliofikisha miaka 18. Mpangaji ni mkazi. Hukuhitaji kuwa na hati ya kiwanja wala kuoa ili uinue mkono siku ile.

Uchaguzi wa Novemba 27, 2024 ulitukuta vilevile. Nilikwenda kituoni na kadi yangu ya mpiga kura mfukoni, kifua mbele, mzalendo kamili. Jina halikuwepo. Nikaanza kulalamika kama kawaida yetu, mpaka dada mmoja kwenye foleni akanieleza kwa upole kwamba uchaguzi wa serikali za mitaa una orodha yake. Hauendi na daftari la kudumu lenye kadi. Uandikishaji ulikuwa Oktoba 11 hadi 20, siku kumi, palepale mtaani. Siku hizo mimi nilikuwepo! Nilipita mbele ya meza yenye vijana wawili na daftari, nikadhani wanaandikisha bima. Tangazo lilipita na bajaji yenye spika, na nakumbuka nililaani ile spika kwa sababu nilikuwa nimelala.

Najua pingamizi, maana nimezisikia zote, nyingine kutoka kinywani mwangu.

La kwanza ni kwamba sisi ni wapita njia. Miaka mitatu, minne kwa wahandisi, halafu kila mtu anashika njia yake. Kweli. Lakini chumba changu kabla yangu alikaa mwanachuo, kabla yake mwanachuo, na nikiondoka ataingia mwanachuo. Mtu mmoja mmoja anapita, ila mwanachuo kama mkazi hajawahi kuondoka pale. Kuna mitaa inayozunguka chuo hiki ambayo uchumi wake ni sisi: steshenari, saluni, chipsi, vyumba, mama lishe wanaopika kwa kutazama ratiba ya mitihani yetu. Chuo kikifungwa, genge linakonda. Watu wa namna hiyo hawawezi kuitwa wageni, labda wajiite wenyewe ili wasihudhurie mkutano.

La pili ni siasa. Wengi wanasema mtaani kote ni chama, ukienda unahesabiwa uko upande gani. Hapa sitajifanya kwamba hoja hii haina mguu. Mfumo wa nyumba kumi ulianza miaka ya sitini chini ya TANU, na kwa miongo mjumbe wa nyumba kumi alikuwa chama na serikali kwa wakati mmoja: ndiye aliyejua mgeni wa nani kalala wapi. Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, lakini mazoea hayakufutwa kwa sheria. Mpaka leo kuna wazee wanaoita ofisi ya mtaa "kwa balozi". Kwa hiyo ukisema pana harufu ya chama, nakubali. Lakini mkutano nilioukosa haukuwa na ajenda ya chama. Ulikuwa na taka, mfereji uliozibwa na mtu aliyejenga ukuta, ulinzi, na mbuzi wa mtu fulani. Mfereji hauna kadi. Ukiziba, maji ya masika yanaingia kwa wote.

La tatu ni muda, na hili silipi nafasi. Tuna muda wa kubishana saa tatu kuhusu penalti.

Sasa nitaje jambo ambalo ndilo hasa lililoniuma, na si ile elfu mbili. Kuna njia ya mkato inayotoka upande wa chuo kushukia mtaani kwetu. Mchana ni njia ya kawaida, watoto wa shule wanaitumia. Usiku ni ya wanachuo peke yao, hasa tunaotoka maktaba au kwenye kazi za vikundi saa nne, saa nne na nusu. Wenyeji hawaipiti saa hizo kwa sababu hawana la kufanya huko. Walinzi wa ulinzi shirikishi walipopangiwa doria, wakapangiwa barabara ya maduka, upande wa msikiti na kule kwenye mashine ya kusaga. Njia ya mkato haikutajwa, wala si kwa ubaya. Wananchi walitaja sehemu wanazoziogopa wao. Sisi tunaoiogopa ile njia hatukuwepo kuitaja.

Wiki tatu baadaye jirani yangu wa chumba cha pili, binti wa mwaka wa pili, alikabwa pale. Walichukua simu na laptop, na ndani ya laptop kulikuwa na ripoti ya mafunzo kwa vitendo ambayo hakuwa ameituma popote. Mkono ulishonwa nyuzi nne. Sisemi kwamba mtu akiinua mkono mkutanoni wezi wanaacha kazi. Inawezekana wangemkaba hata kama walinzi wangekuwa wanapita. Ninachosema ni kwamba tulianza kulipa ulinzi wa barabara tusizozitumia usiku, na ile tunayoitumia ikabaki giza, na hakuna wa kumlaumu kwa uhakika isipokuwa viti vyetu vilivyokuwa vitupu. Yule binti alihama mwezi uliofuata. Kwenye grupu tulimwekea emoji za moyo.

Nimwage pia lawama upande wa pili, ili nisionekane nimetumwa na mtendaji. Tangazo moja kwenye mwembe mmoja halitoshi kwa mtaa wenye maelfu ya watu, nusu yao wanatoka alfajiri na kurudi usiku. Mkutano ulipangwa Jumapili iliyotangulia mitihani ya mwisho wa muhula. Mtu yeyote anayeuza chakula pale angewaambia kwamba wiki hiyo wanachuo hawaonekani. Wenye nyumba nao walijua habari zote, walikaa mstari wa mbele, na kurudi nyumbani hawakumwambia mpangaji hata neno. Mama mwenye nyumba wetu nilipomuuliza alicheka. "Nikajua nyie mmesoma mnaelewa." Hili la kusoma linatumika kila mahali dhidi yetu siku hizi.

Ila tuseme ukweli, mtu anayetafuta habari za mtaa jijini Dar es Salaam ana kazi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Hilo ni jiji lenye halmashauri tano, Ilala ambayo ndiyo Jiji lenyewe, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, na mamia ya mitaa. Redio na magazeti yanapozungumzia "jiji" yanamaanisha Kariakoo, Posta na barabara kubwa. Mtaa unaingia kwenye habari siku ukifurika au ghorofa likianguka. Hakuna gazeti litakaloandika kwamba Jumanne maji hayatatoka kwenye mtaa wako kwa sababu bomba linahamishwa, au kwamba kliniki inatoa chanjo Ijumaa, au kwamba daladala za njia fulani zimebadilisha kituo. Habari hizo ni ndogo mno kwa gazeti na kubwa mno kwa anayezihitaji. Kumbuka Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na DAWASA wakatangaza mgao. Walionitangulia hapa wanasimulia kwamba kitu kilichotafutwa kuliko vyote jijini kilikuwa ratiba: eneo lipi, siku ipi, saa ngapi. Aliyekuwa nayo alijaza ndoo. Asiyekuwa nayo alinunua dumu kwa bei ya mwenye mkokoteni.

Kwa hiyo habari zipo, ila zinasafiri kwa miguu. Zinakaa kwenye kijiwe cha kahawa, zinakaa saluni, kwenye genge, kwenye spika ya msikiti inapotangaza msiba, kwenye matangazo ya Jumapili kanisani baada ya sadaka. Mangi wa duka anazo kuliko mtandao wowote. (Mwaka 2022 serikali iliweka anwani za makazi, nyumba zikapewa namba na vichochoro majina. Nyumba yetu ina kibao kizuri tu. Muulize mwanachuo yeyote anayeishi humo namba ya nyumba, atakuambia: mwambie boda akushushe kwa Mangi.)

Baada ya lile tukio nilianza kukaa kijiweni, nusu saa tu jioni, kikombe cha kahawa chungu na kashata. Siku za mwanzo nilikuwa kama kachero. Wazee walinyamaza nikifika. Siku ya nne mmoja akaniuliza nasoma nini, nikamwambia takwimu, akaniambia basi nimhesabie mechi ngapi timu yake imefungwa. Hapo nikakaribishwa. Ndani ya wiki mbili nilijua mambo ambayo miezi kumi na minne haikunipa. Nilijua kiwanja cha mpira kina mgogoro na kuna mtu ameanza kukipima usiku. Nilijua kuna kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa kinachotafuta mtu wa kuwatengenezea daftari la hesabu kwenye kompyuta na wako tayari kumlipa. Wakati huohuo wenzangu wanne wa darasa wanatafuta kazi za aina hiyo mpaka Masaki!

Nikasikia pia habari ya mikopo ya halmashauri. Wengi wetu tunaijua kama kitu cha kwenye hotuba. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Matangazo yake yanashuka kupitia kata na mitaa. Yaani vijana tunaoandika maandiko ya biashara ya kurasa arobaini kwa ajili ya mashindano tunapitwa na tangazo la ukurasa mmoja lililoko hatua mia kutoka mlangoni, kwenye mti uleule.

Na si habari za shida tu. Jioni za wikiendi kuna ndondo kwenye kile kiwanja chenye mgogoro, na nakuapia kuna winga mmoja fundi wa kuchomelea ambaye beki yeyote wa timu za vitivo vyetu angemuomba radhi. Kuna wazee wa bao chini ya kibanda cha fundi baiskeli, wanaomruhusu mgeni kucheza akikubali kuchekwa. Kuna usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambao huishia na chai ya maziwa na vitumbua kwa mama mmoja karibu na mfereji. Kuna shughuli, na ukialikwa shughuli uswahilini hutakula mikate ya chuo kwa siku mbili. Mwanachuo aliyekaa chumbani akilalamika kwamba jiji lina upweke na halina pa kwenda bila hela anaishi mita mia mbili kutoka kwenye haya.

Jambo moja nililolisikia kijiweni linatuhusu kwa upande mwingine. Mzee mmoja, dereva mstaafu, aliniuliza: "Hivi hapo Mlimani, siku mkiwa na yale mazungumzo pale Nkrumah, sisi wa nje tunaruhusiwa kuingia kusikiliza?" Ameishi jirani na chuo miaka zaidi ya thelathini. Watoto wake wamekua wakitazama taa zetu. Nikamwambia mihadhara ya wazi ni ya wazi, aje tu. Akasema hajawahi kujua inakuwa lini. Nikaona aibu, maana sisi huwa tunabandika mabango kwenye kuta zetu, kwenye grupu zetu, na kuandika chini kabisa "wote mnakaribishwa". Wote gani? Tulichofanyiwa na mwembe, ndicho tunachowafanyia.

Hapa ndipo nawageukia wahariri wa jarida hili, na wenzetu wa serikali ya wanafunzi. Siombi kamati. Tukiunda kamati ya habari za mtaani itakuwa na mwenyekiti, katibu, fulana, na safari ya mafunzo Bagamoyo, na habari haitafika. Naomba nusu ukurasa kila toleo. Nusu ukurasa wenye mambo makavu: mkutano wa mtaa gani uko lini, saa ngapi, wapi, ajenda nini, njia gani haipitiki usiku, maji na umeme kama kuna taarifa, mechi, shughuli, chanjo, tangazo la mikopo. Kila mtaa wenye wanachuo wengi awepo mwenzetu mmoja anayeupitia ubao wa matangazo mara moja kwa wiki, anapiga picha na kutuma. Ni kazi ya dakika tano na simu unayo. Na upande wa pili wa karatasi, mihadhara na maonyesho ya chuo yanayoruhusu watu wa nje, zikachapwe nakala chache zibandikwe kwenye mwembe, kwa Mangi na kijiweni. Kuna wasomaji wataona hili halina hadhi ya jarida la chuo, kwamba hapa ni mahali pa kujadili mustakabali wa bara. Bara tulijadili. Ila nimesoma kwenye kurasa hizihizi makala nzuri kuhusu ushirikishwaji wa wananchi katika maamuzi, na namfahamu mwandishi wake: anapanga nyumba ya pili kutoka kwangu, na kikaratasi chake cha ulinzi bado kiko chini ya mlango.

Kuhusu ule mchango, tuligoma? Hapana. Tulikwenda watu sita kwenye mkutano uliofuata. Sita kati ya wanachuo ambao kwa hesabu ya kichwa hatupungui mia mbili kwenye mtaa ule. Tulikaa nyuma. Nilipopewa nafasi sauti ilitetemeka kuliko siku ya kuwasilisha pendekezo la utafiti. Nikasema nyumba ya vyumba vya wanachuo ihesabiwe kwa idadi ya watu, si milango. Mwenye nyumba mmoja akapinga kwa nguvu. Yule mzee wa kahawa akasimama akasema vijana wana hoja. Pakabishaniwa nusu saa. Ikaamuliwa vyumba viwili vya wanachuo vihesabiwe kaya moja. Tulikuwa tumeomba vitatu. Njia ya mkato iliingizwa kwenye doria mpaka saa tano usiku, kwa sharti kwamba sisi tutafute taa mbili za jua za kufunga kwenye nguzo. Taa moja tumeshaipata. Ya pili bado tunachangishana, na grupu lile lililowaka usiku wa kikaratasi limekuwa kimya kabisa tangu namba ya kutuma hela iwekwe.

Mkutano ujao ni Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, saa tisa alasiri, chini ya mwembe. Ajenda ya kwanza ni kiwanja cha mpira. Viti huwa havitoshi, kwa hiyo wahi, au ubebe ndoo ya kukalia.